Nyumba ya Pwani Mbele ya Jua

Tumezoea kuhakiki mashairi, tamthilia, ngoma na vinyago, lakini nyumba hatuihakiki. Nyumba twaisifu au twaionea fahari, basi. Katika vitabu vingi vya utamaduni, sura inayohusu nyumba ya pwani hujazwa picha ya mlango wa nakshi. Mlango ukishasifiwa, msomaji huachwa kizingitini, wala hakaribishwi ndani akaone kama humo mtu aweza kulala. Na hali hakuna kazi ya mikono ya binadamu inayomgusa mtu kwa muda mrefu kuliko nyumba. Shairi husomwa likawekwa, ngoma huisha alfajiri watu wakaenda zao, bali nyumba humkaa mtu mwilini usiku na mchana mpaka mwisho wa umri wake.

Katika insha hii nimekusudia kuihakiki nyumba ya pwani, hasa ya Bagamoyo na vijiji vilivyoko kati yake na Dar es Salaam, kwa kipimo kimoja: namna inavyolipokea jua. Na kwa kuwa kila mhakiki hana budi kuchagua mahali pa kusimama, mimi nachagua kusimama ndani ya nyumba, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Saa kumi na mbili jioni, upepo wa bahari ukivuma na wageni wakipiga picha, kila nyumba ni nzuri.

Bagamoyo ipo kiasi cha nyuzi sita na nusu kusini ya Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, huwa limeinamia upande wa kaskazini kwa nyuzi 30 hivi. Mwezi wa Desemba huinamia kusini kwa nyuzi 17 tu. Maana yake kwa mjenzi ni hii: kuta zinazotazama kaskazini na kusini hazipati taabu kubwa, maana upenu wa kadiri huzifunika. Hatari iko mashariki na magharibi, ambako jua huja chini chini, likapita chini ya upenu wowote na kuingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Na juu ya yote kuna paa, ambalo hupigwa mchana kutwa mwaka mzima pasipo pa kujificha.

Lakini jua peke yake si kesi yote. Kwa namba, joto la pwani yetu si la kutisha. Februari kipimajoto hufika nyuzi 32 au 33, ambapo Maskati, kwa jamaa zetu wa Omani, huvuka 40 wakati wa kiangazi. Kinachotuonea sisi ni unyevu wa hewa. Jasho limeumbwa likauke, na likikauka ndipo humpoza mtu. Katika hewa iliyokwisha shiba maji jasho halikauki, hutiririka tu. Dawa yake ni hewa inayokwenda. Ndiyo maana Mswahili wa pwani alizipa pepo majina kama apavyo watoto: kaskazi uvumao tangu Desemba hadi Machi, kusi upokeao zamu baada yake, matlai utokao baharini, na umande utokao bara asubuhi. Nyumba ya pwani basi huulizwa maswali mawili kwa pamoja: je, inazuia jua, na je, inaruhusu upepo? Nyumba inayojibu moja ikasahau la pili imefeli.

Msomaji aliyepata kusoma vitabu vya nchi za baridi atakuwa amekutana na maswali kinyume cha haya. Huko jua ni mgeni anayengojewa kwa hamu, na wataalamu wamegawa njia za kumkaribisha ndani katika mafungu mawili. Fungu la kwanza naliita njia tulivu: nyumba yenyewe, kwa umbo lake, mwelekeo wake na vitu ilivyojengwa navyo, hulipokea joto la jua na kulitunza, bila ya mashine. Fungu la pili naliita njia tendaji: vyombo hutegwa juani, aghalabu juu ya paa, na pampu au feni huchukua joto lililonaswa na kulisambaza vyumbani. Mfano mashuhuri wa njia tulivu uko Odeillo, katika milima ya kusini mwa Ufaransa. Hapo, mwaka 1967, mwanasayansi Félix Trombe na msanifu Jacques Michel walijenga nyumba yenye ukuta mnene uliopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa kioo upande wa nje. Jua hupenya kioo, huupasha ukuta, na joto halipati njia ya kurudi lilikotoka. Usiku ukuta hulitoa polepole upande wa ndani, watu wakiwa wamelala. Ni kazi ya akili kubwa na ya gharama ndogo, nami naiheshimu.

Sasa nimwombe msomaji aiondoe nyumba ile milimani na aje nayo mpaka barabara ya Bagamoyo, apite Bunju, Mapinga na Kerege, atazame nyumba zilizoota huko katika miaka ya karibuni. Ataona ukuta wa matofali ya saruji. Ataona kioo kipana kisicho na upenu, mara nyingi upande wa magharibi kwa sababu ndiko barabara iliko. Ataona dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo kwa tabia yake haliwezi kufunguka zaidi ya nusu. Jua la saa tisa hupenya kioo, hupasha sakafu na kuta, na joto halina pa kutokea. Hii ni nyumba ya Odeillo! Tumejenga, bila ya kukusudia, mtambo mzuri wa kupasha nyumba joto katika nchi isiyohitaji joto hilo. Kisha twaenda mjini kununua kiyoyozi ili kilitoe nje, na bili ya umeme huja kila mwezi kutukumbusha.

Nisieleweke kusema kwamba watu wa pwani hawakujua kulifanyisha jua kazi. Walijua sana, ila hawakulifanyia kazi hiyo chumbani. Msomaji akifika Nunge, kando ya mji wa Bagamoyo, ataona mashamba ya chumvi: maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yenye kina kidogo, nalo jua huyanywa hata ikabaki chumvi. Nazi zilizopasuliwa huanikwa ziwe mbata, dagaa huanikwa mchangani au chanjani. Kuni haichomwi, mashine haivumi. Hiyo nayo ni njia tulivu, tena ya kale. Mahali pa joto palikuwa uwandani. Mahali pa kivuli palikuwa nyumbani. Na mtu aliyechanganya hayo mawili alichekwa.

Twende sasa kwenye nyumba zenyewe. Watu wengi wakitajiwa nyumba ya kale ya Bagamoyo huwaza nyumba za mawe, na wengine huenda mbali zaidi wakataja magofu ya Kaole, ambako msikiti wa kale kabisa husemwa kuwa wa karne ya 13. Kaole naiacha, maana gofu halina paa, na nyumba isiyo na paa haihukumiwi kwa jua. Nyumba za mawe za mjini, nyingi zikiwa za karne ya 19, zilijengwa na matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi katika siku ambazo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikimalizia safari zake hapo. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa kiasi cha nusu mita. Boriti za mikoko ndizo zilizotawala upana wa chumba: mkoko ulionyooka haupatikani mrefu sana, basi chumba kikawa chembamba, chini ya mita tatu, na kirefu. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, nayo rangi nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Mbele kuna baraza la mawe, na mtaa ni mwembamba kiasi kwamba nyumba ya upande huu humkinga na jua jirani wa upande wa pili.

Saa nane mchana, nyumba hiyo yashinda. Mtu akiingia kutoka barabarani huhisi kama aliyetia mkono katika maji ya mtungi. Ukuta mnene huchukua saa nyingi kupashika, na mchana unapokwisha joto halijafika upande wa ndani. Hapa wasifu wa nyumba za mawe hukoma, wakafunga vitabu vyao. Mhakiki hana ruhusa ya kuondoka mapema hivyo. Akae hadi saa tano za usiku. Ndipo lile joto lililokuwa safarini ndani ya jiwe tangu adhuhuri linapowasili, na chumba cha ndani, chenye dirisha moja au kisicho nalo, huwa tanuri iliyozimwa isiyopoa. Wazee niliowakuta husimulia kwamba usiku wa kaskazi ukipungua nguvu watu wa nyumba za mawe walihamia darini au barazani. Ukuta mnene ni rafiki wa nchi kavu, ambako usiku ni wa baridi na joto la ukuta hupokewa kwa shukrani. Kwetu usiku wa Februari haushuki sana chini ya nyuzi 25. Kwa hiyo nasema, na najua nitawaudhi baadhi ya wapenzi wa mambo ya kale: nyumba ya mawe ya Bagamoyo ni nzuri kwa macho, nzuri kwa mchana, na ya wastani kwa usiku.

Nyumba niliyo tayari kuipa daraja la kwanza ni ile ambayo hapana mtalii aliyepata kuipiga picha kwa sababu ya mlango wake. Ni nyumba ya miti, fito na udongo iliyoezekwa makuti, yenye ukumbi wa katikati unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa barazani hadi mlango wa uani, na vyumba viwili viwili au vitatu vitatu kila upande. Itazame kwa makini kama unavyolitazama shairi lililotimia. Paa lake ni refu na lenye mwinuko mkali, hewa ya moto hupanda juu mbali na vichwa vya watu. Makuti ya viungo hayapitishi joto; ukiyagusa kwa chini adhuhuri ni kama kugusa mkeka. Kati ya kichwa cha ukuta na paa pameachwa nafasi, na hewa ya moto hutokea hapo bila ya kuamriwa. Ukuta ni mwembamba, hivyo hauna ghala ya joto la kumwaga usiku. Upenu umeshuka chini hata mgeni mrefu huinama, na kila ninapoinama hukumbuka kwamba upenu ule unainamia jua kabla ya kuniinamisha mimi. Milango miwili ikiwa wazi, ukumbi huwa mfereji wa upepo, na mwenye nyumba huweka kitanda chake cha kamba papo hapo akalala usingizi wa mchana.

Mjenzi wa nyumba hiyo hakujua neno njia tulivu. Alijua kwamba upepo una mlango wa kuingilia na wa kutokea, na kwamba ukimfungia wa kutokea haingii. Elimu hiyo haikuandikwa popote isipokuwa katika nyumba zenyewe, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu nyumba ya makuti haidumu. Ikianguka bila ya kujengwa nyingine, kitabu kimeungua.

Nami ni mmoja wa waliokiunguza. Mwaka 1996, nikiwa karani kijana mwenye mshahara wake wa kwanza wa maana, nilikwenda kijijini kwetu, mwendo wa saa chache kusini ya Bagamoyo kwa miguu, nikaangusha nyumba ya mama yangu. Niliona aibu. Wenzangu ofisini walikuwa wakisema habari za mabati, mimi mama yangu akilala chini ya makuti. Nikamjengea nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati la geji nyepesi kwa sababu fedha haikutosha kwa nzito, wala haikutosha kabisa kwa singibodi. Upenu niliufupisha ili kuokoa bati moja moja. Juu ya kuta nikaziba vizuri kwa saruji, maana fundi alisema nyumba iliyoachwa wazi juu ni ya kishamba. Siku ya kuhamia mama alizunguka vyumba vyote, akashika kuta, akaniambia, "Ahsante, baba. Sasa watu wataona kuwa nina mwana." Niliyapokea maneno yale kama sifa. Ilinichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba alikuwa amechagua maneno yake kwa uangalifu: watu wataona. Yeye mwenyewe mchana hakukaa humo hata siku moja. Alijijengea nyuma ya nyumba, kwa mkono wake na msaada wa wajukuu, banda la jiko la makuti, na humo ndimo alimopokea wageni, alimosali, alimosukia ukili, na alimofia mwaka 2011. Katika nyumba yangu walilala kuku na magunia.

Kosa lile halikuwa langu peke yangu, ijapokuwa sikusudii kulikimbia. Baada ya Uhuru, na zaidi katika miaka ya vijiji vya Ujamaa, Taifa lilihimiza nyumba bora, na Benki ya Nyumba ikaanzishwa mwaka 1973 ili kuwawezesha wananchi kujenga. Nia ilikuwa njema na haja ilikuwa kweli: watu walikuwa wakijenga upya kila baada ya miaka michache, na mvua za masika zilikuwa zikibomoa kuta zisizo na msingi. Lakini katika njia hiyo neno bora lilibadilika maana kimyakimya. Likawa jina la vitu, bati na saruji, badala ya kuwa jina la hali anayoipata mkaaji. Hata karani wa sensa, mwaka 2012 na tena mwaka 2022, aliuliza nyumba imeezekwa nini. Hakuuliza kama mchana pana mtu ndani yake. Sisi tunaoishi kwa maneno twajua kwamba neno likipotea maana mtu mmoja hasikii maumivu, maumivu huja baadaye.

Kuna watakaonijibu, nao wana haki ya kujibu, kwamba makuti huungua, huvuja, hukaa wadudu na hudumu miaka michache kabla ya kuezekwa upya; kwamba minazi imepungua na watu wameongezeka. Yote ni kweli. Kuna jibu jingine zito zaidi, ambalo washairi hatulipendi. Ile nafasi kati ya ukuta na paa ninayoisifu kwa kupitisha hewa ndiyo mlango mkuu wa mbu aenezaye malaria. Mbu huyo hupanda ukuta kwa nje akitafuta harufu ya watu, akaingia kwa juu. Papa hapa Bagamoyo Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia malaria, pamoja na majaribio ya chanjo yake, na mtu aliyemzika mtoto kwa homa hana haja ya kufundishwa na mshairi uzuri wa nafasi ya hewa. Nyumba iliyozibwa juu imeokoa maisha ya watu. Mimi mwenyewe nikiwa nahukumu, siwezi kuinyima alama hiyo.

Lakini tukubaliane kwamba anayezuiwa ni mbu, si upepo. Wavu wa waya hugharimu kidogo kuliko kioo, humzuia mdudu na kumruhusu kaskazi. Mkoani Mtwara zimejengwa katika miaka ya karibuni nyumba 110 za majaribio ambazo kuta zake za vyumba vya kulala, vilivyoinuliwa orofani, ni za wavu unaopitisha hewa. Watafiti wamekusudia kulinganisha afya ya watoto wa nyumba hizo na ya wale walio katika nyumba za kawaida. Umbo lake ni geni kwa jicho langu, wala sitasema kwamba nimelipenda. Ila naona kwamba aliyezibuni ameyarudia yale maswali mawili ya zamani na kuongeza la tatu, la mbu, na ndivyo mapokeo yanavyotakiwa kuendelezwa.

Na tusidhani kwamba saruji yenyewe ndiyo yenye kosa. Boma la Wajerumani hapa Bagamoyo, lililojengwa mwaka 1897, lilikuwa nyumba ya utawala wa mabavu, nami sina la kulisifu kwa hilo. Hata hivyo waliolijenga walikwisha tambua kwamba Afrika haijengwi kama Ulaya, wakalizungushia roshani pana zenye matao ili jua lisiguse ukuta wa chumba. Na katika Dar es Salaam tunayo kazi ya Mtanzania mwenzetu, marehemu Beda Amuli, yaani Soko la Kariakoo lililojengwa katika miaka ya 1970. Amuli alitumia zege tupu. Akasimamisha miavuli mikubwa juu ya uwanja wa soko, iliyopandana hivi kwamba jua huzuiwa, hewa ya moto hutoka katikati yake, na mvua hukusanywa kupitia nguzo zake. Ni mkusanyiko wa watu chini ya miti, uliosemwa kwa lugha ya zege. Soko hilo liliungua Julai 2021, na wengi tulioomboleza tuliombolezea bidhaa. Nadhani wanafunzi wangepaswa kuonyeshwa na paa lake pia.

Kutoka sokoni niende shuleni, maana hapo ndipo jambo hili linapowagusa wasomaji wa insha hii mwilini. Katika nchi yetu darasa hujengwa kwa ramani iliyo karibu moja tangu pwani hadi nyanda za juu. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa kwa maelfu kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, watoto wengi walitoka chini ya miti wakaingia ndani, na hilo ni jema lisilopingika. Lakini Makete si Bagamoyo. Kule Makete na Njombe, Juni na Julai, hushuka baridi kali na wakati mwingine sakitu huunguza mashamba. Mwanafunzi huandika huku vidole vimekufa ganzi. Darasa la huko lingefaa kujifunza kutoka Odeillo: ukuta mnene na madirisha makubwa upande wa kaskazini, ambako jua la Juni huinamia, lipenye vioo liwapashe watoto bure. Darasa la Bagamoyo lingefaa kujifunza kutoka kwa nyumba ya makuti: upenu mrefu, dari chini ya bati, matundu juu katika pembe za paa ya kutolea hewa ya moto, madirisha ya wavu yanayoelekeana, na ubavu mfupi ndio utazame magharibi. Ramani moja imewapa watoto wa Makete baridi na watoto wa Bagamoyo joto, kwa gharama ile ile.

Mwalimu anayefundisha kipindi cha saa nane chini ya bati tupu anajua ninachosema. Wanafunzi arobaini na zaidi, kila mmoja akitoa joto lake mwenyewe, bati likilia kwa kutanuka, macho yakifumba. Tunaandika katika ripoti kwamba hawasikilizi. Nami nimeona mahali ambapo mwalimu mwenye busara huhamishia kipindi hicho chini ya mkungu, yaani huondoka katika nyumba bora na kwenda mahali alipokuwa kabla ya kujengewa.

Njia tendaji nayo ina nafasi yake, wala simo katika kundi la wanaoogopa mitambo. Kibao cha umeme wa jua juu ya paa la darasa hutoa umeme mwingi kabisa saa zile zile ambazo joto limezidi, na umeme huo watosha kuendesha pangaboi mbili tatu bila ya betri kubwa. Hapo jua limetumwa kumfukuza jua, jambo ambalo hata mafundi wetu wa mafumbo wasingelitunga vizuri zaidi. Ila pangaboi chini ya bati tupu huteremsha moto wa bati juu ya vichwa vya watoto. Kwanza nyumba ifanye kazi yake, mtambo umalizie. Kiyoyozi ndicho ninachokitilia shaka, kwa kuwa chahitaji chumba kizibwe kabisa, na chumba kikizibwa, siku umeme ukikatika hakuna mtu atakayekaa humo hata robo saa. Tena kile joto kinachokitoa hukitupa kwa jirani.

Katika utumishi wangu ramani nyingi za nyumba zimepita mikononi mwangu. Katika pembe ya kila ramani kuna mshale mdogo unaoonyesha kaskazini. Kwa miaka mingi niliuona kama urembo, kama ua linalochorwa pembezoni mwa shairi, na nadhani waliouchora nao waliuona hivyo, kwa maana mara nyingi ramani ile ile huletwa kwa viwanja viwili vinavyotazama pande tofauti, mshale ukiwa umegeuzwa tu. Siku hizi nikifungua ramani huanza na mshale. Humwuliza mwenye nyumba kitanda kitakaa upande gani, na jua la saa kumi litamkuta nani chumbani. Wengi hushangaa. Mwezi uliopita mzee mmoja, akijenga huko Zinga, aliitazama ramani yake kwa muda mrefu, kisha akaomba aichukue akaizungumze na mkewe, kwa sababu, alisema, chumba cha magharibi walikuwa wamempangia mama.